Kabla ya kuniomba mseto, niambie uliingia shambani saa ngapi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Mimi ni mama wa miaka 54, muuza dawa. Nina duka la dawa muhimu hapa wilayani Urambo, mkoani Tabora, kando ya njia ya baiskeli zinazokwenda na kutoka mashambani. Nina pia ekari moja ya tumbaku ya mvuke, hivyo asije mtu akasema nawasimanga wakulima nikiwa nimekaa kivulini. Naandika Desemba hii kwa makusudi, kuhusu ugonjwa wa wachuma tumbaku ambao sisi tunauita malaria. Miche imeshatoka kitaluni, imeshika kwenye matuta, na mwishoni mwa Januari tutaanza kuvunja majani ya chini. Nikingoja hadi wakati huo sitampata wa kunisoma, sote tutakuwa mabanini, kwenye vibanda vya kukaushia tumbaku, tunachochea moto.

Watoto wa mtaani kwetu wananiita Mama Mseto. Jina hilo nimelipata kihalali. Tangu nifungue duka mwaka 2012, mseto, yaani dawa ya malaria, ndiyo iliyosomesha wanangu, na mwezi ulionilipa kuliko yote ulikuwa Februari. Nina tabia ya kuandika mauzo kwenye daftari, kila dozi na siku yake. Nikifungua madaftari ya miaka ile naona Septemba na Oktoba mistari michache, halafu Februari ukurasa umejaa mpaka nimeandika pembeni, wima, kama mtoto wa shule aliyeishiwa karatasi. Ungeniuliza sababu ningekujibu bila kufikiri: mvua, madimbwi, mbu. Na jibu hilo si la uongo. Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na msimu wa mvua ndio msimu wake. Ila halikutosha, na mimi niliyesimama nyuma ya kaunta miaka yote hiyo ndiye niliyepaswa kuliona mapema.

Wateja wa Februari walikuwa na namna yao. Walifika mchana au jioni wakitokea shambani moja kwa moja, vidole vimeganda ile gundi nyeusi ya tumbaku. Asubuhi mtu kaamka mzima, kala kiporo chake, kaenda kuchuma. Ikifika saa saba kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu, mate yanamjaa mdomoni, tumbo linasokota, anatapika mpaka nyongo. Midomo imepauka. Jasho linamtiririka lakini ukimgusa paji la uso ni la baridi. "Mama, nipe mseto, malaria imenipanda kichwani." Nampa. Anameza vidonge vinne palepale na maji yangu ya kwenye jagi, anavitapika kabla hajafika kwake, anamtuma mtoto kuja kununua vingine. Wapo wateja ambao tumbaku iliniuzia dawa kwao mara mbili kwa siku moja. Kesho kutwa mgonjwa anapita na baiskeli, amepona, ananipungia mkono na kunishukuru. Nami nilikuwa napokea hizo shukrani.

Kilichonifungua macho hakikuwa hata dawa. Kilikuwa kipimo cha mimba.

Februari 2019, baba mmoja wa jirani, mtu wa heshima zake na mzee wa kanisa, alikuja dukani usiku. Akasubiri wateja waishe. Akanunua pipi ambazo hakuzihitaji. Kisha akasema, macho yake yakiwa kwenye dari, "Mama, naomba kile kipimo cha akina mama." Nikaelewa. Binti yake alikuwa kidato cha tatu. Alitapika Jumamosi jioni na Jumapili yote, na wiki iliyopita vilevile. Ndugu Mhariri, mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa kabla ya mwaka 2021: mwanafunzi akipata mimba, shule ya serikali ndiyo imekwisha. Yule baba aliondoka na kipimo amekikunja ndani ya gazeti kana kwamba amebeba bastola.

Kipimo kikasema hakuna mimba. Mama mtu hakuridhika, akaja kununua cha pili, nacho kikasema vilevile. Wakampeleka zahanati, wakampima malaria, mstari mmoja, hana. Wakaanza kumwuliza maswali ambayo binti hapaswi kuulizwa na wazazi wake mara tatu. Majirani nao walikuwa wameshamaliza kazi yao. Nasikia hata jina la kijana lilishatajwa, maskini, kijana ambaye wakati ule alikuwa Kaliua kwa mjomba wake.

Jumamosi ya tatu binti akaja mwenyewe dukani saa nane mchana. Hakufika kwenye kaunta, alijikunja mlangoni akatapika. Nilimbeba nikampeleka uani. Nguo zilikuwa chafu, nikamvua, nikamwogesha kwa sabuni kuanzia kichwani, nikamfunga kanga yangu kavu na kumpa maji ya chumvichumvi kijiko kwa kijiko. Sikufanya hivyo kwa sababu ya elimu yoyote. Nilifanya kwa sababu alikuwa ananuka matapishi. Lakini wakati nafua ile blauzi niliona kitu: upande wa kushoto, kuanzia kwapani hadi kiunoni, ilikuwa imelowa na kuwa ya kijani, na maji yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Upande wa kulia ilikuwa blauzi ya kawaida tu. Alipopata nguvu nikamwuliza, mwanangu, unachumaje? Akanionyesha. Mkono wa kulia unavunja jani, wa kushoto unalikumbatia kwapani, jani juu ya jani, mpaka fungu linakuwa zito, ndipo anakwenda kuliweka mwisho wa tuta. Wanaingia saa ngapi? "Saa kumi na mbili, kabla jua halijatoka. Majani yanakuwa yamelowa chapachapa."

Jumatatu hadi Ijumaa yuko darasani, mzima. Jumamosi yuko shambani, anatapika. Mimba gani inayofuata ratiba ya shule?

Nilimpigia simu mdogo wangu ambaye ni nesi mkoa mwingine. Alinicheka kwanza, halafu akanyamaza, halafu akasema, "Dada, huo ni ugonjwa unaojulikana." Akanieleza kwamba huko Marekani, mwaka 1970, madaktari wa jimbo la Florida walishaandika habari za wachuma tumbaku wanaotapika na kuishiwa nguvu. Sisi huku tuna tumbaku tangu ule mradi wa karanga wa Waingereza uliposhindwa na mashamba yake ya Urambo yakageuzwa, na mimi nilikuwa nauza mseto.

Jambo lenyewe ni rahisi kueleza. Ndani ya jani la tumbaku kuna nikotini, kitu kilekile anachokitafuta mvuta sigara. Nikotini inayeyuka kwenye maji. Jani likiwa limelowa umande au mvua, nikotini inaingia kwenye yale maji, na yale maji yanaingia kwenye nguo, na nguo inakaa juu ya ngozi kwa muda wa saa tano au sita. Ngozi haiizuii. Inapita, inaingia kwenye damu, inafika kichwani na tumboni, na kazi yake huko ndiyo hiyo ya kizunguzungu na kutapika. Jasho nalo linafanya kazi ya umande, ndiyo maana hata siku kavu ya jua kali mtu anaweza kuugua. Kwapani ndipo pabaya zaidi, ngozi ni nyembamba na haikauki. Dalili huanza baada ya muda wa saa tatu au zaidi tangu kuingia shambani, wakati mwingine usiku mtu akiwa ameshalala, na hapo ndipo anasahau kabisa kuihusisha tumbaku. Kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili mwili unaiondoa nikotini wenyewe na mtu anapona. Anapona ukimpa mseto, anapona ukimpa mizizi, anapona ukimsomea dua. Kwa hiyo kila mtu aliyempa chochote anaamini dawa yake ndiyo iliyofanya kazi. Mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Kuna mzee mmoja hapa kwetu ambaye shamba lake liliwahi kuwaangusha vibarua wawili kutoka Kasulu asubuhi moja. Waha wanakuja kila msimu kutuuzia nguvu zao, na mimi siwezi kuwacheka maana marehemu baba yangu alikuja hivyohivyo. Vibarua waliobaki walipoona wenzao wanatapika wakasema shamba limezindikwa, mzee kalifunga. Wakaondoka bila hata kudai ujira wa nusu siku. Mzee hakukanusha. Alifurahi, kwa sababu tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwibia hata jani moja. Mwaka uliofuata akakosa vibarua, ikabidi apandishe dau, akaanza kuwaambia watu kwamba zindiko lilishakwisha muda wake. Kumbe usiku wa kuamkia siku ile vibarua walipoanguka kulikuwa na mvua, na asubuhi tumbaku ilikuwa imesimama ndani ya maji. Zindiko lilikuwa hilo.

Jambo jingine linaloniuma ni hili la wanawake kuitwa wadekaji. Mume anachuma tuta lile lile, haumwi, mke anaanguka. Basi inakuwa maneno: wanawake wa siku hizi hawana nguvu, mama yangu alichuma hadi anajifungua. Kumbe mume anavuta sigara. Mwili wa mvutaji umeshaizoea nikotini, hivyo ya shambani haimtikisi sana. Anayeanguka ni yule asiyevuta, mama na watoto. Mtoto ndiye anayeumia kuliko wote, mwili wake ni mdogo na kiasi kilekile cha sumu kinamwelemea. Pakiti ya sigara ina onyo kwa anayevuta. Robota la tumbaku nimelibeba, nimelikalia, nimelilalia, sijaona onyo lolote kwa aliyechuma.

Kwa mjamzito naomba tusifanye utani hata kidogo. Nikotini haiishii kwa mama, inavuka hadi kwa mtoto aliye tumboni, na kwenye maziwa pia inapita. Mama anayenyonyesha akitoka shambani aoge kwanza kwa sabuni na abadili nguo, ndipo amchukue mtoto. Najua mtoto analia. Bibi ambembeleze dakika kumi.

Sasa naomba nisikilizwe vizuri hapa, kwa sababu wapo watakaosoma haraka na kwenda kusema muuza dawa wa Urambo kasema malaria haipo. Malaria ipo, inaua, na inaua watoto wadogo na wajawazito kuliko wengine. Mtu yeyote mwenye homa akapimwe siku hiyohiyo, tumbaku au si tumbaku. Ninachosema ni kwamba apimwe, na jibu liheshimiwe. Malaria haiji mara moja kama tumbaku: mbu akikuuma leo, homa huja baada ya wiki moja au zaidi. Mtu aliyeamka mzima akaanza kutapika saa saba baada ya kuchuma majani mabichi, na mwili wake hauna joto, ana swali la kujibu kabla ya kumeza vidonge 24. Kuna mtego pia kwenye kipimo cha haraka, mdogo wangu alinifundisha: ukiwa umeugua malaria ukatibiwa, kipimo kile kinaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili kwa wiki kadhaa ingawa umepona. Kwa hiyo mwambie mtabibu ulimeza mseto lini. Usifiche ukidhani atakunyima dawa.

Watu hawapendi kuambiwa hawana malaria. Nimewaona wanatoka zahanati na karatasi imeandikwa hana, wamekasirika kama waliotukanwa, wanakuja kwangu wakitaka niwe mahakama ya rufaa. "Hicho kipimo chao kibovu, mama, wewe unanijua." Na kwa miaka saba nilikuwa nawapa. Siku hizi nawauliza maswali mawili tu: jana au leo uliingia shamba la tumbaku? Majani yalikuwa yamelowa? Wakisema ndiyo, nawaambia waende nyumbani wakavue nguo zile, waoge kwa sabuni na maji mengi, kucha na nywele pia, wapumzike kivulini, wanywe maji ya chumvichumvi kidogo kidogo. Maziwa wanayopenda kunywa ili "kukata sumu" hayaifuati nikotini kwenye damu, na mtu anayetapika akipewa maziwa atatapika maziwa. Kama kutapika hakukomi, kama ni mtoto au mjamzito, kama mtu analegea, anapumua kwa shida, moyo unamwenda ovyo au anaanza kuchanganyikiwa, hapo hakuna cha kusubiri, ni hospitali.

Na kama siku hiyo au siku chache nyuma shamba lilipuliziwa dawa ya wadudu, ni hospitali pia na haraka zaidi, kwa sababu baadhi ya viuatilifu vinamtoa mtu mate na jasho na kumtapisha vilevile, ila vinaweza kumzuia kupumua akafa. Ukiona mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, machozi na mate yanatoka yenyewe, beba mgonjwa na beba chupa ya ile dawa, lebo yake ikiwapo, ili mtabibu ajue anapambana na nini. Hiyo chupa isirudi nyumbani kutiwa mafuta ya taa wala maji ya kunywa. Nimeiona mezani kwa watu, nimekaribishwa maji kutoka humo.

Nimeyasema haya kwenye mkutano wa wakulima, mwaka juzi, na jibu nililopewa lilikuwa fupi: bani haisubiri. Nalielewa. Mimi pia nina bani. Jani likishaiva linataka kuvunjwa, na ukianza saa nne umande ukiwa umekauka hutamaliza kujaza bani siku hiyo, moto utauwasha usiku, na gredi ikishuka sokoni hakuna atakayekulipa kwa sababu ulijali afya. Aliyeniambia hivyo alikuwa na watoto wanne shambani na deni la pembejeo kwenye chama cha msingi cha ushirika. Sikuwa na neno la kumjibu pale, nikakaa. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria shamba langu mwenyewe.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua mifuko ya mbolea, ule wa ndani wa plastiki, nikauosha vizuri kwa sabuni mara tatu, nikakata tundu la kichwa na mawili ya mikono. Wachumaji wangu wawili walinicheka, wakasema nimewavalisha kama sanamu za kufukuza ndege. Wanavaa asubuhi majani yakiwa yamelowa, wanavua saa nne jua likipanda, kwa sababu ukikaa na plastiki kwenye jua la mchana utapikika ndani yake na hilo nalo ni ugonjwa mwingine. Mikononi glavu za mpira, zile ndefu za kufulia. Zamani nilikuwa nawapa soksi kuukuu wavae mikononi ili gundi isiwashike, na nilijiona mama mwenye huruma. Soksi inanyonya ule umande na kuukumbatisha kwenye ngozi asubuhi nzima. Afadhali mkono mtupu unaoweza kunawa. Na tuliacha kukumbatia majani kwapani: kila mtu ana kipande cha turubai anachokiburuta kati ya matuta, jani linawekwa humo. Inachelewesha kidogo. Msimu uliopita tulichelewa kujaza bani kwa kama saa moja na nusu, na hakuna aliyetapika isipokuwa kijana mmoja aliyevua plastiki saa mbili kwa sababu rafiki yake alikuwa anapita barabarani.

Turudi kwenye chama cha msingi. Kila msimu tunakopeshwa mbolea, mbegu, dawa za kupulizia, nyuzi za kufungia marobota. Tunakatwa sokoni, na hatulalamiki sana maana bila hivyo hatulimi. Sijaona glavu kwenye orodha hiyo. Sijaona koti la mvua. Jozi moja ya glavu ni kitu kidogo sana ukilinganisha na mfuko mmoja wa mbolea, na mkulima angeilipa bila kuhisi. Naomba viongozi wa vyama vyetu, Urambo, Kaliua, Sikonge na kwingineko, waiweke kwenye makisio ya pembejeo. Wanunuzi wanaokuja kutufundisha upana wa matuta na unyevu wa jani wanaweza pia kutumia dakika tano kutufundisha umande. Wana magari mazuri, wanafika mahali ambapo mimi na baiskeli yangu hatufiki.

Kwa watabibu wetu wa zahanati ombi langu ni dogo zaidi. Mnatuuliza umri, mnatuuliza kijiji, mnatuuliza ulianza kuumwa lini. Mimi sijawahi kuulizwa jana nilikuwa nafanya kazi gani. Lile swali moja lingemwokoa yule binti wiki mbili za kuchunguzwa kama mtuhumiwa nyumbani kwa baba yake.

Na kuhusu watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi ya kumdhuru, na mtoto kwa sheria hiyo ni aliye chini ya miaka 18. Sitajifanya sijui kwamba bani nyingi za wilaya hii zinajazwa na mikono ya watoto Jumamosi. Wangu walichuma pia, wa kwanza alikuwa na miaka tisa, na alitapika, na nilimpa mseto. Kama mtoto lazima akusaidie, mpe kuku, mpe maji, mpe mdogo wake amwangalie. Hata kufunga majani kwenye fito si kazi yake, maana jani bichi linashikwa na mikono ileile atakayolia ugali. Asiingie kwenye jani lililolowa.

Yule binti alimaliza kidato cha nne, yuko Tabora mjini anajifunza ushonaji. Baba yake hajawahi kunirudia kuzungumzia habari ile, ila kila mavuno ananiletea ndoo ndogo ya asali, anaiacha kwenye kaunta bila kusema ni ya nini. Mwaka jana nilimwuliza kwa utani kama anataka risiti.

Wiki iliyopita nimeagiza glavu za mpira jozi 40 kutoka mjini, zinakuja na basi la Ijumaa. Nitaziuza kwa bei niliyonunulia pamoja na nauli ya mzigo, basi. Mseto nimeagiza pungufu kuliko Desemba iliyopita, na kwenye kaunta nimebandika karatasi yenye yale maswali mawili, kwa herufi kubwa, kwa sababu wengi wanaotapika hawataki kuzungumza.

Ni mimi,
Muuza dawa na mkulima,
Urambo, Tabora.